Selotepu Ishirini na Tatu

Jumatatu, 16 Juni

Leo nimeona jambo ambalo mtu mwenye shahada ya kemia hapaswi kulazimishwa kuona. Bwana Mogire, mtunza stoo wa shule hii, ametunga selotepu zote kwenye kamba ya katani na kuzitundika dirishani kama samaki aina ya ngege wa kuuzwa kando ya barabara. Dirisha la magharibi! Jua la Homa Bay linazipiga kuanzia saa saba mchana hadi linapozama. Na ukuta wa pili wa stoo ni ukuta wa jikoni, ambako sufuria ya githeri inatoa mvuke tangu alfajiri.

Nilimwambia kwa upole. Naamini ulikuwa upole. Nilimweleza kwamba gundi ya selotepu nyingi ina asili ya mpira, na mpira huliwa na hewa na mwanga. Kwanza inageuka manjano. Halafu inalainika, inatoa jasho pembeni, inashika vumbi. Mwishowe inakauka kabisa, ule utando wa juu unabanduka wenyewe, na kinachobaki ni doa la rangi ya chai ambalo halitoki hata ukilililia.

Alisikiliza yote huku akitafuna karanga. Kisha akaniita Profesa, akauliza kama nimekuja kuchukua chaki au kuhutubu.

Mimi si profesa. Ni msaidizi wa maabara, mkataba wa muhula mmoja mmoja. Bodi ya shule inakutana Ijumaa ya tarehe 11 Julai kuamua kama nitaajiriwa au la. Wakikubali, nabaki na kazi, na pia na chumba changu nyuma ya maabara, chumba cha kwanza maishani mwangu chenye mlango ninaoufunga kwa ufunguo wangu mwenyewe. Wakikataa, narudi Suna kwa mama, nilale tena na binamu watatu wanaozungumza usingizini, na shangazi zangu wapate kuuliza ile shahada ilikuwa ya nini hasa.

Kwa hiyo ni lazima nionekane. Hadi leo sikujua nionekane kwa kitu gani. Asante, Mogire.

Jumatano, 18 Juni

Ushahidi umepatikana!

Ofisini kwa mwalimu mkuu, Madam Risper, kuna picha ya wanafunzi wa kwanza wa shule. Iliraruka zamani, mtu akaiunga kwa selotepu. Selotepu yenyewe imeshaanguka. Doa limebaki, la kahawia, na limepita juu ya mdomo wa mama aliyeianzisha shule. Ana masharubu. Miaka thelathini wageni wanaingia, wanatazama, wananyamaza kwa heshima.

Nilimwonyesha Madam. Alivaa miwani. Alitazama muda mrefu. Alisema siku zote alidhani ni kivuli cha kofia.

Hapo nikamkabidhi waraka wangu wa kurasa nne, "Kanuni za Kutunza Selotepu". Zilazwe kwa upande wa bapa, zisisimamishwe kwa ukingo zikapata umbo la yai. Karatasi laini iwekwe kati ya moja na nyingine. Zifungwe kwenye mfuko. Mbali na jua, joto, vumbi na unyevu. Tarehe iandikwe ndani ya kila moja, na ya zamani itumike kwanza. Madam alisoma ukurasa wa kwanza wote na wa pili kidogo. Akasema basi, selotepu za moko, ule mtihani wa majaribio, ziwe chini yangu, ishirini na nne, nihakikishe chupa za maabara zina lebo zinazoshika. Alisema na Bodi hupenda watu wanaojituma.

Bodi! Neno lilitoka kinywani mwake, si mwangu.

Alhamisi, 19 Juni

Makabidhiano. Mogire alinihesabia kwa sauti ya msibani, moja moja, huku akizipapasa. Ziko ishirini na tatu. Nilimwuliza ya ishirini na nne iko wapi. Akasema panya. Nilimwuliza panya wa aina gani anabeba selotepu nzima. Akasema panya wa Homa Bay wamesoma siku hizi, wengine wana shahada.

Niliandika.

Kila selotepu ilikuwa na kijiti cha kiberiti kimebandikwa mwishoni mwa utepe. Vijiti ishirini na tatu! Uchafu mtupu. Nimevitoa vyote na kuvitupa. Nimezilaza kwa bapa chumbani mwangu, nimetia karatasi katikati, nimefunga mfuko. Zinapendeza mno. Nimekaa nikizitazama mpaka chai yangu ikapoa.

Jumamosi, 21 Juni

Nyuzijoto thelathini na tatu chumbani mwangu! Nimepima kwa kipimajoto cha maabara mara nne, mara ya nne nikiwa nimesimama mbali ili joto langu lisihesabiwe. Mabati haya ni tanuri.

Friji ya maabara imejaa maziwa ya walimu na samaki wa mtu asiyejitaja.

Jambo jingine. Watu hawa wanataka kutumia selotepu! Leo wamekuja watatu. Mwalimu wa jiografia alitaka kipande kidogo tu cha kuunga ramani ya Afrika iliyokatika kuanzia Chadi. Nilimwomba aandike ombi, aeleze urefu anaotaka kwa sentimita na sababu. Alinitazama kana kwamba nimemwomba figo. Baada ya dakika tano nilimwona akitoka stoo, Afrika imeungwa. Nani alimpa? Kwa selotepu gani? Ya ishirini na nne!

Kwa hiyo ninatunza na yeye anagawa, na anayependwa ni nani? Nisijibu swali hilo wikendi.

Alhamisi, 26 Juni. Suna

Likizo fupi ya katikati ya muhula. Nimezihamisha.

Nilifikiria hivi: Homa Bay iko kando ya ziwa, chini. Suna iko juu zaidi, kama mita mia mbili hivi, na mita mia mbili ni takriban digrii moja. Ni hesabu ya kawaida kabisa. Nashangaa hakuna taasisi iliyoifanya. Nimesafiri na begi la selotepu mapajani, nguo zangu zikiwa kwenye mfuko wa plastiki.

Nyumbani kwa mama kuna dapi, chungu kikubwa cha maji ya kunywa, ambacho siku hizi hakitumiwi kwa sababu kaka alimnunulia mtungi wa plastiki wenye bomba. Giza ndani. Ubaridi wa ajabu. Nimekiweka juu ya mchanga uliolowa, pembeni mwa jikoni, kama nyanya alivyokuwa akifanya, ili kipoe zaidi. Nimezipanga selotepu ndani kwa bapa na kufunika.

Mama yangu, Truphena, alisimama mlangoni akitazama. Aliuliza kama ni dawa. Nikamwambia ni za kazi. Akasema, "Nyathina, mtoto wangu, chungu ni cha maji." Nikamweleza kuhusu joto, kuhusu Bodi, kuhusu mlango wangu wenye ufunguo. Aliinamisha kichwa. Akasema kama ni hivyo atazichunga kama mayai ya kuku anayeatamia. Nimemwambia asizichezee, aziangalie tu vizuri.

Unyevu? Nimeufikiria. Chungu hutoa unyevu nje, si ndani. Nina hakika. Karibu.

Alhamisi, 3 Julai. Homa Bay

Mama amepiga simu. Mtandao ulikuwa ukikatika. Nilisikia kwamba alizikuta hazina furaha, akazishughulikia, na sasa ziko sawa, kavu, safi. Kisha nikasikia wazi kabisa kwamba alizigeuza mara mbili, pande zote.

Alizigeuza! Kwa bapa, upande huu na upande ule! Hilo halimo hata katika waraka wangu, nami nitaliongeza kama kanuni ya kumi. Mama aliishia darasa la saba. Mogire ana cheti cha utunzaji wa stoo kilichotiwa fremu. Nisiseme zaidi.

Anazituma kesho kwa matatu inayopita Rongo.

Ijumaa, 4 Julai

Mzigo umefika. Unanuka omena, vile vidagaa vya ziwani.

Nimempigia dereva aliyeuleta, nikamwambia abiria wana haki ya buti safi na mizigo vilevile. Amesema hajabeba omena tangu Pasaka. Waongo ni wengi katika nchi hii na wote wana leseni.

Jumatatu, 7 Julai

Kesho ni praktiko ya kemia ya moko, mtihani wa vitendo. Chupa thelathini na sita: kumi na mbili za A, kumi na mbili za B, kumi na mbili za C. A ni asidi, B ni besi, C ni maji ya chumvi. Zote hazina rangi hata kidogo. Ukizitazama ni maji tu. Bila lebo, hata mimi niliyezichanganya sizijui.

Nilianza saa nane mchana. Ilifika saa tisa kabla sijapata mwisho wa selotepu ya kwanza! Unazungusha, unapapasa kwa kucha, unahisi kama umeupata, unavuta, unatoka uzi mwembamba wa milimita mbili unaopanda kwa mshazari mpaka juu kisha unakatika. Nimetumia kucha, wembe na meno. Mogire alipita dirishani. Alitazama. Aliuliza vile vijiti vyake viliishia wapi. Sikujua vijiti vinahusu nini hapa, kisha nikajua, kisha nikafunga dirisha.

Aligonga. Akasema kupitia kioo kwamba anayo selotepu moja iliyobaki, laini, inashika kama mkwe mwenye shida. Akasema kwake hazikai hata mwezi, zinaisha kabla hazijazeeka, labda ndiyo siri. Nikamwambia hiyo si kanuni ya utunzaji, hiyo ni kumaliza vitu. Akacheka.

Lebo zote zimebandikwa kufikia saa kumi na mbili. Utepe ulikuwa na utelezi kidogo na ulishika vidole kuliko karatasi, lakini hiyo ni dalili ya gundi yenye nguvu. Paka wa shule amekaa mlangoni mwa maabara jioni yote akilia. Hajawahi kupenda kemia.

Jumanne, 8 Julai

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia saa moja na nusu asubuhi.

Nilifungua maabara. Lebo zilikuwa zimeshuka. Si zote! Hilo ndilo lilikuwa baya. Zikianguka zote, unajua huna kitu. Nyingine zilikuwa sakafuni. Nyingine zilikuwa zimeteleza polepole usiku kucha, kama watu wanaoshuka mlima wakiwa na mzigo, zikaishia kitakoni mwa chupa. Tatu zilikuwa zimehamia chupa jirani. Kulikuwa na chupa yenye A na B, na nyingine kando yake isiyo na chochote.

Nje, wasichana arobaini kwenye mstari. Emmaculate, kiranja wao, alichungulia, akaniuliza kwa adabu kama hii ni sehemu ya mtihani.

Mwalimu Wangwe, anayefundisha kemia, aliingia saa mbili kasoro dakika kumi. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Akasema nimemmaliza. Akasema hawa wasichana hawajakaa na mwalimu mmoja wa kemia mwaka mzima tangu Form Two, na leo walikuwa wamejiandaa, wameamka saa tisa kusoma. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

Nilichukua karatasi za litmasi. Kigae cheupe. Tone moja moja. Nyekundu, A. Bluu, B. Isiyobadilika, C. Kisha nikarudia kila moja, kwa sababu sikuuamini mkono wangu. Chupa thelathini na sita, mara mbili. Sikuwaza Bodi, sikuwaza chumba. Nilikuwa nikiomba tu tone lisianguke mahali pasipofaa. Nje walianza kuimba nyimbo za kanisani ili wasipandwe na hofu, na mmoja alikuwa akiimba kwa sauti ya juu kupita wote, nje ya tuni kabisa, nami nilimshukuru.

Na nyuma yangu, chupa baada ya chupa, nani alikuwa akibandika lebo upya? Mogire! Kwa selotepu ya ishirini na nne! Anavuta kijiti, anakata, anabandika, anarudisha kijiti. Hata hakuharakisha.

Praktiko ilianza saa tatu na dakika tano. Lebo zilishika mpaka mwisho. Zinaendelea kushika. Nimejaribu kuibandua moja jioni hii nikashindwa.

Jumatano, 9 Julai

Nimelala kwa saa mbili tu, nimeamka na wazo moja: hujuma.

Niliweka kipande cha utepe wangu chini ya hadubini. Na nini kile kwenye gundi? Kitu chembamba, cha duara, kinachong'aa kama fedha, chenye mistari. Gamba la samaki! Nimehesabu kumi na moja kwenye sentimita mbili. Ni omena! Na nani katika shule hii hula omena kila mchana, kwenye bakuli la bluu, akiwa ameketi juu ya ngazi ya stoo?

Nilikwenda kwa Madam Risper na hadubini mikononi. Nilimwomba amwite Mogire. Niliomba pia Mwalimu Wangwe awepo kama shahidi. Wote watatu wakaangalia kwa zamu. Madam alikubali kuwa ni magamba. Nikasema kwamba kuna mtu aliyeingia chumbani mwangu na kupaka selotepu za serikali mafuta ya samaki kwa wivu. Mogire aliniuliza aliingiaje na ufunguo ninalala nao shingoni. Nikasema hilo ndilo tunalopaswa kuchunguza.

Simu yangu ikalia. Mama. Niliikata. Ikalia tena. Madam akasema nipokee, huenda kuna tatizo nyumbani. Simu yangu ina kipaza sauti kisichozimika tangu ilipoanguka.

Mama hakunisalimu hata. Alitaka kujua kama vile vitu vilifika vikiwa vikavu. Akasema alivikuta chunguni vinatoka machozi, vimelowa pembeni, akaona aibu kumpa mtoto wake vitu vyenye kuvu siku ya kazi. Akavianika. Alitandaza turubai, akavipanga juani kutwa nzima, siku mbili, pamoja na omena zake, akavigeuza mara mbili kila siku kwa mkono wake mwenyewe. Vilikauka vizuri sana. Paka wa jirani alilala juu yake kidogo, lakini alimfukuza. Akauliza, "Wamekupa kazi?"

Yule mama wa masharubu wa pichani alitutazama kutoka ukutani.

Mogire alisogea karibu na simu. Alimsalimia mama kwa heshima zote, akajitambulisha, kisha akauliza kama na omena zilikauka vizuri. Mama akasema vizuri mno, anaweza kumtumia gorogoro, mkebe mzima. Wakazungumza dakika nne! Kuhusu bei ya omena! Na mimi nimeshika hadubini!

Ijumaa, 11 Julai

Bodi imekutana kuanzia saa nne. Mimi nilikuwa nimekaa chumbani, mlango umefungwa, nikiwa nimefungasha vitabu tayari, ili wakinifukuza wasiupate utamu wa kuniona nikifungasha. Nilifunga kitasa na kukifungua mara kadhaa. Kina sauti nzuri. Sikuwahi kuisikiliza.

Saa nane Mwalimu Wangwe alikuja. Alisema waliuliza nani alichelewesha mtihani, akawaambia. Waliuliza tena nani alitambua chupa thelathini na sita kwa dakika hamsini bila kukosea hata moja, akawaambia ni mtu yuleyule. Alisema mwenyekiti alicheka mpaka akakohoa. Alisema pia kwamba Mogire aliitwa aeleze upande wake, na akasema huyu msichana ni mkaidi kama punda wa kubeba maji, lakini wasimwache aende, kwa sababu ni mtu wa kwanza katika miaka kumi na tisa aliyewahi kuingia stoo kuuliza vitu vinajisikiaje.

Nimeajiriwa. Mwaka mmoja, kisha watatazama tena. Kuna sharti moja, limeandikwa kwa herufi kubwa: nisiguse, nisitunze, nisisafirishe selotepu ya shule.

Nililia kidogo. Ni vumbi la vitabu.

Lakini nimelisoma lile sharti mara sita, na kwa kweli linaudhi. Hakuna aliyepinga waraka wangu. Hakuna! Kanuni zote tisa zilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni utekelezaji wa watu wengine: chungu, jua, paka, mama. Na yule mtu amesifiwa kwa huruma! Miaka kumi na tisa anatundika selotepu dirishani, halafu anapata nafasi ya kunitetea!

Jumapili, 13 Julai

Sharti linasema selotepu. Halisemi unga.

Nimepika gundi yangu mwenyewe. Unga wa ngano, maji, sukari kidogo ili ishike zaidi, kwenye bika kubwa la maabara juu ya moto mdogo mpaka ikawa kama uji mzito. Haina mpira, kwa hiyo hewa haiwezi kuila. Haigeuki manjano. Haitoi jasho. Sijui kwa nini dunia nzima haitumii hii. Jana nimebandua lebo zote za Mogire kwa kisu, saa tano nzima za kazi, nikabandika zangu kwenye chupa zote za maabara, mia moja na kumi. Zilinyooka vizuri ajabu. Madam ataziona kesho asubuhi kabla ya mtu yeyote kusema neno.

Leo baada ya kanisa nimeingia kuzitazama. Lebo kumi na nne hazipo. Nyingine zimetafunwa pembeni, kwa mpangilio, kuanzia penye gundi nyingi. Nimeangalia alama za meno kwa makini. Ni ndogo sana, zimekaa mbilimbili.

Mogire ana meno madogo. Sijawahi kuyaamini.